Muhuri, Kibali na Ujirani Mwema

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Kampala mbele ya wajumbe wa polisi jamii kutoka miji ya mipakani



Huenda mmejiuliza njiani kwa nini Polisi wawaite watu wa mpakani waje Kampala kuzungumza habari za vibali vya ujenzi. Kazi ya askari, mtasema, ni wezi na wahalifu. Majengo yana wenyewe kule halmashauri. Jibu letu ni fupi. Ugomvi unaofika kwenye kaunta ya kituo cha polisi kwa jina la kuvamia ardhi, kuharibu mali au kujeruhi, mara nyingi haukuanza siku hiyo. Ulianza miezi kadhaa nyuma, siku mtu alipopeleka ramani ya jengo lake halmashauri na jirani zake wasijue. Au wakajua wakanyamaza. Au wakasema wasisikilizwe. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuja kuzungumzia ufa, maana ukuta ukishaanguka hapabaki la kuzungumza ila idadi ya majeruhi.

Tena Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 212, inatuagiza kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na raia. Neno kuzuia limo humo. Mazungumzo haya ni sehemu ya kuzuia.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Zamani, chini ya sheria ya mipango miji ya mwaka 1964, serikali ilitangaza maeneo fulani tu kuwa maeneo ya mipango. Aliyeishi nje ya maeneo hayo alijenga alivyoona. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2010 iligeuza hali hiyo: nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango. Kwa hiyo kanuni inayomhusu mwenye jumba la ghorofa Nakasero inamhusu pia mwenye kujenga nyumba ya wageni karibu na lango la forodha Mutukula. Asiwadanganye mtu kwamba mipango miji ni mambo ya Kampala. Kampala imetangulia tu kuyaona matatizo, kwa sababu watu wake ni wengi na ardhi yake ni ndogo. Miji yenu ya mipakani inakua mbio. Malori yanahitaji mahali pa kulala, madereva wanahitaji vyakula na vitanda, wafanyabiashara wanahitaji maghala, na kila mwenye kiwanja kando ya barabara anaota kituo cha mafuta. Yaliyotokea hapa yatabisha hodi kwenu, kama hayajabisha bado.

Sasa tuzitazame karatasi nne ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya huko ndiko kunakozaa mapanga.

Karatasi ya kwanza ni ile yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya watu 10, nayo ndiyo serikali iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi. Muhuri wake una heshima. Unashuhudia kwamba fulani ni mkazi, au kwamba mauziano yamefanyika mbele ya mashahidi. Hata hivyo, muhuri wa LC1 si kibali cha ujenzi. Mwenyekiti anayempigia mtu muhuri na kumwambia "nenda kajenge" anampa kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Karatasi ya pili ni hati ya ardhi, au mkataba wa kibanja. Hiyo inaonyesha haki ya mtu juu ya ardhi. Katiba yetu inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo, na wa kukodi kwa muda. Hata hivyo, kuwa na ardhi si kuwa na ruhusa ya kuweka juu yake chochote utakacho. Mwenye hati safi kabisa bado haruhusiwi kugeuza ua wa nyumba yake kuwa kilabu cha usiku katikati ya mtaa wa familia.

Karatasi ya tatu ndiyo kibali chenyewe. Kibali cha kuendeleza ardhi hutolewa na kamati ya mipango, na kibali cha kujenga hutolewa na kamati ya majengo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Hapa Kampala wenye dhamana hiyo ni Mamlaka ya Jiji, yaani KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 na yenye tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Kwenu ni kamati za wilaya na za mji. Nacho kibali kina mpaka wake. Kibali cha ujenzi si hati ya kumfukuza mtu. Kama kuna mwenye kibanja anayeishi juu ya ardhi ile, kibali hakimwondoi, na tingatinga halipati uhalali kwa kuwa mwenyewe ana ramani iliyogongwa muhuri.

Karatasi ya nne ni amri ya mahakama. Hiyo peke yake ndiyo inayoweza kumwondoa mtu nyumbani kwake bila hiari yake, na hata hiyo ina utaratibu. Maelekezo ya Jaji Mkuu ya mwaka 2021 kuhusu kuwaondoa watu kwenye ardhi yanataka taarifa itolewe mapema, polisi na viongozi wa eneo wajulishwe, kazi ifanyike kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, na isifanyike mwishoni mwa juma wala siku za sikukuu. Mtu akija na tingatinga saa 8 za usiku, hata akiwa na karatasi mkononi, tuiteni.

Ndugu zetu, mwenye kuzijua karatasi hizi nne amekwisha kuuziba nusu ya ufa. Nusu iliyobaki ni kujua namna ya kusema.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mtauona kama mliupata kuuona. Mfanyabiashara ananunua viwanja viwili katika mtaa wa makazi na kuomba kujenga kituo cha mafuta. Upande mmoja kuna shule ya watoto wadogo; nyuma kuna mfereji wa maji ya mvua; barabara ni nyembamba hata gari la zimamoto lisipite likikuta boda boda zimeegeshwa. Wakazi wanasikia habari siku mashine ya kuchimba inapofika. Vijana wanachoma matairi, mawe yanarushwa, dereva wa mashine anapasuliwa kichwa. Siku hiyo ni nani aliye mahabusu? Ni vijana wa mtaa. Na kituo cha mafuta je? Kinasubiri siku mbili, kisha ujenzi unaendelea. Hoja ya mtaa ilikuwa nzuri, lakini ilifikishwa kwa jiwe, na kamati haisomi mawe.

Mtaa uo huo ungeweza kufanya hivi. Kwanza, uwe na jicho. Mjumbe mmoja wa kamati ya LC1 apewe kazi ya kwenda kuuliza katika ofisi ya mipango, kila mwezi, ni maombi gani yameletwa kuhusu eneo lao. Asisubiri kuletewa habari nyumbani. Pili, mtaa ukutane. Katiba, katika Ibara ya 29, inalinda haki ya kukutana kwa amani na bila silaha, na haki ya kupeleka malalamiko. Tatu, mtaa uandike pingamizi kwa kamati, uweke tarehe, majina na sahihi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomoni hupeperuka. Barua iliyopokelewa hukaa ndani ya faili, na siku ya rufaa ndiyo shahidi. Nne, wakaombe kusikilizwa. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake.

Kamati inaweza kukubali ombi, kulikataa, kuliahirisha, au kulikubali kwa masharti. Hilo la mwisho watu hulidharau, na kumbe ndilo lenye heri nyingi. Mara nyingi mtaa huingia kwenye mkutano ukitaka jambo lote likataliwe, na mwombaji huingia akitaka lote likubaliwe. Masharti hufungua mlango wa kati: lango lihamishiwe barabara kubwa, ukuta uinuliwe upande wa shule, mfereji upanuliwe kwa gharama ya mwenye jengo, malori yasiingie usiku. Wengi waliokuja kwetu wakiwa maadui wangeweza kupatana kwa sharti moja la namna hiyo lililoandikwa mapema. Na asiyeridhika na uamuzi anayo njia ya rufaa hadi Bodi ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, na hatimaye Mahakama Kuu.

Tunasisitiza pia aina ya hoja. Kamati hupima mambo yanayohusu ardhi na majirani: maji yatapita wapi, choo kitatiririkia wapi, gari la zimamoto litafikaje, kelele zitafika umbali gani, shule iko karibu kiasi gani, jengo linapatana na mpango wa eneo au halipatani. Kamati haipimi wivu. Haipimi kwamba mwombaji atashindana na duka la mwenyekiti. Wala haipimi kabila la mwombaji au upande wa mpaka alikotoka. Hili tunalisema kwa uzito mbele yenu watu wa mipakani, kwa kuwa ninyi mna ndugu, wakwe na wateja pande zote mbili. Sheria za Uganda zinamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, ingawa hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala ya kudumu. Kwa hiyo mgeni mwenye ukodishaji halali ana haki ya kuomba kibali na kusikilizwa, kama vile ninyi mlivyo na haki ya kumpinga kwa hoja ya mfereji. Pingamizi likianza na maneno "hawa si wa hapa", limekwisha kushindwa, na mara nyingine limekwisha kuwa uchochezi.

Tuyapime maneno haya kwa mambo yaliyotokea kweli.

Usiku wa Jumapili, tarehe 9 Agosti 2020, wakati nchi ikiwa chini ya amri ya kutotembea usiku kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kanisa la Mtakatifu Petro lililoko Ndeeba, tarafa ya Rubaga, lilibomolewa likawa kifusi. Mgogoro wa ardhi ile ulikuwa umekaa mahakamani kwa miaka. Asubuhi waumini walikuta matofali. Hasira ilikuwa kubwa mjini. Watu kadhaa walikamatwa, maafisa wa polisi wakiwa miongoni mwao, na Rais mwenyewe alifika mahali pale. Hapa hatuamui nani alikuwa na haki juu ya ardhi. Hiyo ni kazi ya mahakama. Tunachosema ni kwamba hata anayedai kuwa na haki, akiitimiza gizani, anaigeuza kuwa kosa. Na tunasema wazi kwamba sare ya polisi si kinga kwa anayeshiriki jambo la namna hiyo.

Tarehe 12 Aprili 2007, hapa hapa Kampala, watu waliandamana kupinga mpango wa kutoa sehemu ya msitu wa Mabira ilimwe miwa. Jambo walilolitetea lilikuwa la maana, na msitu ule umesimama hadi leo. Hata hivyo siku ile maandamano yaligeuka ghasia, na watu waliuawa, akiwemo mtu mwenye asili ya Kihindi aliyepigwa mawe barabarani. Huyo hakugawa msitu wala hakupewa msitu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na katika ghasia za ardhi, nyasi ni mpita njia.

Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka katika dampo la Kiteezi, lililopokea taka za jiji tangu mwaka 1996, uliporomoka na kufunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Katika miaka ile yote dampo lilipanda juu na makazi yakalisogelea. Kila aliyejenga pale alikuwa na sababu yake, na kila mwaka ulipita bila maafa. Hili ndilo somo la tatu: mipango ya ardhi haina haraka ya kuadhibu. Anayejenga ndani ya kinamasi huko Bwaise au Lubigi anaweza kulala pakavu misimu kadhaa, kisha maji yakaja kudai njia yao usiku mmoja. Kwa ajili hiyo kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 200 ziachwe kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Mwenyekiti anayeshuhudia mauziano ya kiwanja kinamasini hamsaidii mnyonge kupata nyumba. Anamsaidia kununua jeneza kwa mafungu.

Mtauliza, basi Polisi mna kazi gani katika haya? Ni vema tuseme tunayoyafanya na tusiyoyafanya.

Hatutoi vibali, na hatuvizuii. Hatuamui nani mwenye ardhi. Askari akisimama kwenye kiwanja na kutangaza "ardhi hii ni ya fulani", amevuka mpaka wa kazi yake. Hatuendi kusimamia ubomoaji kwa kuwa tajiri ametupigia simu.

Tunachofanya ni hiki. Tunapokea malalamiko ya uvamizi, uharibifu wa mali, vitisho na kughushi mihuri, na tunayachunguza bila kuangalia nani ana gari. Tunalinda maafisa wa halmashauri wanapokwenda kutekeleza ilani halali, na papo hapo tunalinda familia inayoguswa na ilani hiyo. Tunaomba kuona amri ya mahakama, na tunamwuliza msajili wa mahakama kama ni ya kweli kabla ya gari letu kuwasha injini. Tunahudhuria mikutano ya mtaa tukialikwa, tukae nyuma, tusikilize. Na mwananchi akiona askari ameegemea upande mmoja, akaripoti kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi. Kuripoti huko si uadui. Ni sehemu ya ushirikiano ambao Katiba inautaja.

Kwenu wenyeviti, tunaomba mambo matatu. Wekeni daftari la mihuri: kila karatasi mnayoipiga muhuri iandikwe tarehe, jina na sababu, ili siku muhuri wa kughushi ukitokea tuweze kuutenga na wa kweli. Msitoze fedha mnazozibuni kwa kumpa mtu "ruhusa ya kujenga", kwa maana mkila fedha hizo mmejifunga mdomo siku jirani zake watakapokuja kulalamika. Na mnapojua kuna mgogoro, tujulisheni ungali maneno. Hakuna askari atakayewacheka kwa kuleta jambo dogo. Tunaoyaona yalivyo makubwa ndio tunaotamani yangeletwa yakiwa madogo.

Kwenu wenye mali, mnaotaka kujenga na kuajiri watu, tunawaombea heri, maana miji haiinuliwi na wanaopinga tu. Kabla ya kupeleka ramani halmashauri, pitieni nyumba tano zilizo karibu. Waonyesheni mnachotaka kujenga. Saa moja ya kunywa chai na jirani ni nafuu kuliko miaka sita ya wakili. Jirani aliyeulizwa akatoa wazo lake, hata lisipofuatwa lote, si jirani yule aliyeshtushwa na tingatinga.

Na kwenu wakazi, hasa vijana: msikubali kukodishwa. Katika migogoro mingi ya ardhi wanaorusha mawe hawana kiwanja pale, wala wanaowalipa hawapo siku ya kukamatwa. Kijana analala mahabusu kwa posho ya siku moja, na mwenye kumtuma anaendelea na mazungumzo yake ofisini kwa utulivu.

Ndugu wajumbe, mtakaporudi nyumbani mtapita tena kwenye malango ya forodha. Hapo kila lori husimama, karatasi zikaguliwe, kisha huruhusiwa kupita au hurudishwa; na dereva hata akichukia haichomi forodha, kwa kuwa anajua kesho atapita tena. Ninyi mnaishi jirani na utaratibu huo kila siku. Upelekeni mitaani kwenu. Ombi la jengo lisimame, likaguliwe mchana mbele ya watu, wanaopinga wasikike, uamuzi uandikwe na sababu zake, na asiyeridhika aoneshwe njia ya rufaa.

Mkifanya hivyo, sisi tutapungukiwa na kazi za usiku, nanyi mtabaki na majirani wa kusalimiana nao asubuhi.